Mawe Yaliyoonekana Hayana Kazi

Shamba nililogawiwa lilikuwa kwenye mteremko, kati ya Karatu na Oldeani, na lilikuwa na mistari ya mawe. Sijui niiite nini zaidi ya hivyo, kwa sababu hata sisi tuliokaa pale tuliiita mistari tu, kama ile ya daftari. Ilipita kwa upana wa mlima, mmoja juu ya mwingine, na kati ya mmoja na wa pili yake palikuwa kama hatua kumi na tano, pengine ishirini. Mingine ilifika magotini. Mingine ilikuwa imezama, unaona vipara vya mawe tu vimetokeza kwenye majani. Asubuhi jua likiwa bado chini kila mstari uliweka kivuli chake, na mtu aliyesimama barabarani aliweza kuihesabu yote. Mimi niliihesabu mara nyingi na sikupata jibu moja. Mara kumi na mmoja, mara kumi na miwili. Nitaandika kumi na mmoja, maana ule wa kumi na mbili huenda ulikuwa njia ya ng'ombe.

Tulihamia pale mwaka ambao watu wote walitakiwa kuacha makazi yao yaliyotawanyika wakae pamoja kijijini. Chini yangu alipewa shamba mwanamke mzee, mjane, aliyetoka upande wa Mbulu. Nyumba yake ilikaa ukingo wa juu wa shamba lake, kwa hiyo kati ya mlango wake na mwisho wa shamba langu palikuwa na mti wa mkuyu na mstari mmoja wa mawe, basi. Siku ya kwanza aliniuliza jina langu, akalirudia, kisha akasema majina ya vijana hayamkai kichwani, ataniita Wa Juu. Nami nikamwita Bibi wa Chini. Kijiji kizima kikatuita hivyo hivyo, mpaka mke wangu naye alipokuwa amenikasirikia.

Nani aliweka yale mawe hakuna aliyejua. Wazee wetu Wairaqw walisema waliyakuta. Wengine walisema ni ya Wadatoga waliokaa kabla yetu, lakini Mdatoga mmoja aliyepita kutafuta ndama wake alicheka, akasema watu wake hawajawahi kupanga mawe kwa ajili ya mahindi. Palikuwa na mfugaji wa Kimasai aliyeshuka kila kiangazi kutoka upande wa Ngorongoro kulisha ng'ombe mabua yetu tukishavuna, na nilipomuuliza alisema wazee wake walipofika na mifugo mawe yalikuwepo, wenyewe hawakuwepo. Mwalimu wa shule alituambia kwamba kule Engaruka, chini ya ukingo wa bonde, yapo mashamba ya mawe mengi kuliko haya, na mifereji, na misingi ya nyumba, na watu walioyalima waliondoka zamani bila kuacha hata jina. Sisi tulisikiliza. Kisha tukarudi kupalilia.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Hilo lilitosha kunifanya mwandishi wa mikutano, kwa kuwa wengi wa rika langu walikuwa bado wanasoma kisomo cha watu wazima. Namna ya kuandika niliiokota kwenye kumbukumbu za mikutano zilizotoka wilayani, ambazo mwenyekiti alinipa nizifuate. Humo hakuna mtu anayesema neno. Inaonekana, inapendekezwa, inakubaliwa. Niliipenda lugha hiyo. Nilihisi kwamba mtu akiandika hivyo amesoma zaidi ya darasa la nne. Daftari nilikuwa nalo moja tu, kwa hiyo mambo yangu ya nyumbani na mambo ya kijiji yalifuatana humo humo, leo kuku kataga, kesho mkutano. Mwenyekiti alikuwa na msemo wake kwamba mwandishi wetu anaandika hata kikohozi. Hakuwa anakosea sana.

Mwaka wa tatu kijiji kikapata zamu ya trekta. Dereva alipanda mpaka kwangu, akasimamisha injini, akashuka kutazama. Alisema diski zake zitavunjika kwenye yale mawe na yeye hatalima pale, tutachagua wenyewe. Tukakutana papo hapo shambani, watu kama thelathini, na neno likapita kwamba mawe yatolewe, na tena yatafaa kwa msingi wa darasa jipya. Bibi wa Chini alikuwepo. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizia chumvi: aliyeyaweka, aliyaweka bure? Dereva akamjibu kwamba kama anayahurumia sana akubali posa, mawe ni waume watulivu, hayanywi pombe. Watu wakacheka. Mimi sikumbuki kama nilicheka. Huwa nikiikumbuka siku ile najiona mdomo uko wazi, lakini huenda nilikuwa nataka kusema kitu.

Tulifanya kazi Jumamosi nne. Wanaume kwa mitaimbo, wanawake kwa kubeba, na mawe makubwa tuliyapakia juu ya gogo la panda, lenye matawi mawili kama manati, lililokokotwa na maksai. Nyuma ya kila mstari udongo ulikuwa mweusi na mzito, unafika kiunoni, ilhali mbele yake hatua mbili tu ulikuwa mwekundu na mwembamba. Niliona hilo. Nililiandika hata. Ila sikuliuliza kitu. Tuliokota vigae vya vyungu vyenye michoro kama ya kucha, na jiwe la kusagia lililoliwa katikati mpaka likawa kama sahani. Wale vijana walitaka kulipeleka kwenye msingi pamoja na mengine. Bibi akalikalia. Alikaa juu yake kama kigoda, akaomba tumbaku, na hakuondoka mpaka wakakubali kulibingirisha hadi ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo alisagia ulezi wake hapo, akasema halina kosa, ni kwamba mwenye nalo hakurudi tu.

Mfugaji alipita tukiwa kwenye mstari wa saba au wa nane. Alisimama na fimbo yake begani akatazama kwa muda, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa karibu, akiniita ero, yaani kijana kwa Kimasai.

“Ero, hili shamba la watu mnalibomoa, wamewaruhusu?”

Nikamwambia hakuna watu, ni mawe tu. Akasema ng'ombe wake wakipita pale wanapita kwa upana, kufuata mistari, hawashuki moja kwa moja, na ng'ombe hajaenda shule. Nikadhani ananitania kwa sababu ya daftari lililokuwa mfukoni. Labda alikuwa ananitania kweli. Lakini alikuwa anasema na jingine.

Lazima niwe wa haki: mwaka uliofuata tulivuna kama hatujawahi kuvuna. Trekta ilishuka na kupanda bila kugota, matuta yalinyooka kutoka juu mpaka chini, na kila bua langu lilibeba mahindi mawili. Darasa likapata msingi. Mtu angekuja wakati ule kutuambia tumekosea tungempa mahindi ya kuchoma, aende salama. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa inaonekana kwa macho.

Masika ya pili ndiyo yaliyotuonyesha. Mvua ilinyesha siku tatu, na maji yakakuta matuta yangu yameelekezwa chini kama mifereji iliyochimbwa makusudi. Kwanza palitokea mchirizi mdogo, unaweza kuuruka. Jumapili yake ulikuwa unafika kiunoni. Kabla masika hayajaisha lilikuwa korongo, linatoka katikati ya shamba langu, limepita ubavuni mwa mkuyu, limeingia kwa Bibi wa Chini na kulala juu ya maharage yake na tope na kokoto. Upande wangu nilipoteza udongo. Upande wake alipoteza karibu nusu ya shamba, na mdomo wa korongo ulikuwa umebakiza hatua sita kufika ukuta wa nyumba yake. Hizo nilizipima mwenyewe, na za kwangu ni fupi.

Kamati ikakaa. Ikaamua ahamishiwe bondeni, karibu na mto, kwenye udongo wa mfinyanzi ambao ulikuwa haujachukuliwa na mtu, na sote tulijua kwa nini haujachukuliwa. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kumwambia. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa siku moja tukute nyumba haipo na Bibi hayupo. Aliporudi alisema mama yule amekataa. Kasema alishahamishwa mara moja kwa sababu ya wote, naye akatii, kwa kuwa lilikuwa la wote. Safari hii hatoki mpaka aambiwe mbele ya watu ni nani aliyeona kwamba yale mawe hayana kazi. Akimjua, ataamua mwenyewe kuhama au kubaki. Kama ni kijiji kizima, kijiji kikarekebishe. Kama ni mtu, huyo mtu akarekebishe.

Basi watu wakaanza kukumbuka. Wengi walimkumbuka dereva wa trekta, ambaye alikuwa ameshahamia Babati na hakuwepo kujitetea. Wengine walimtaja mwenyekiti, chini chini. Mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba ni dereva. Nilikuwa namwona akisimama pale, mkono kiunoni, akisema mawe yatolewe. Mwenyekiti akasema tusibishane, maandishi yapo. Akanituma nilete daftari.

Tulikutana kwenye lile darasa, ambalo lilikuwa limefika madirishani likasimama hapo kwa kukosa mabati. Tulikaa juu ya kuta. Bibi alikaa chini, kwenye msingi, mgongo wake umeegemea mawe ambayo niliyatambua. Nikafungua ukurasa wa siku ile, nikasimama, nikasoma kwa sauti ya mkutano: ilionekana kwamba mawe hayana kazi, ikapendekezwa yatolewe, ikakubaliwa. Nikafunga mdomo. Nilijivunia kidogo jinsi yalivyosikika.

Bibi akauliza, “Ilionekana na nani?”

Nikamwambia Bibi, ndivyo mikutano inavyoandikwa.

“Nimesikia inavyoandikwa. Nauliza macho yalikuwa ya nani.”

Watu wakageuka kunitazama. Hapo ndipo nilipotaka kusema dereva. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nina tabia hii ya kutojiamini, ambayo mke wangu anaiita ugonjwa, kwamba kabla sijaapa lazima nitazame tena. Nikarudisha ukurasa mmoja nyuma kutafuta kama nilimtaja dereva mahali, nikakuta mambo yangu ya nyumbani ya siku iliyotangulia. Mwandiko wangu, kalamu ileile ya bluu iliyokuwa inavuja. Yalikuwa maneno machache: nimepita mistarini jioni, mawe haya hayana kazi, yanatuibia nafasi, kesho trekta ikija nitasema yatolewe.

Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuona ukurasa ule. Nasema hivyo si kwa kujisifu, ni kwa sababu niliwaza hilo kwanza kabla ya kitu kingine. Niliwaza kwamba nikifunga daftari hakuna atakayelifungua. Halafu nikaona Bibi hanitazami usoni, anatazama kidole changu kilivyosimama katikati ya ukurasa. Kwa hiyo nikasoma. Mpaka leo sijui kama nilisoma kwa ukweli au kwa sababu ya kidole. Nilisoma yote, hata lile la kuibiwa nafasi.

Nikashusha daftari. Kisha mtu mmoja pale nyuma akasema kumbe Wa Juu alikuwa anajiandikia ushahidi mwenyewe, na watu wakacheka, na kicheko hicho kilinisaidia. Mwenyekiti akasema kwa haki kabisa kwamba mmoja alisema lakini wote walikubali, hata yeye, na mitaimbo haikushikwa na mtu mmoja. Nilimshukuru kwa hilo na bado namshukuru. Lakini Bibi hakuwa ameuliza nani alishika mtaimbo.

Akainuka taratibu, akajipangusa kanga, akasema, “Basi sitahama kwa ajili ya ilionekana. Ni wewe. Kayarudishe, Wa Juu. Masika yakija maji yakiuvuka ule mstari wa mkuyu, nitafunga mzigo mwenyewe bila kuitiwa mkutano.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na muda mpaka masika, na Bibi angebaki kwake au angehamia kwenye mfinyanzi kutegemea nitajenga nini.

Mawe ya msingi hayakurudi, darasa lilikuwa limeyakalia. Niliokota yaliyobingirishwa na korongo, na mengine tuliyokuwa tumeyarundika pembeni. Mke wangu alibeba nami. Nikajenga mstari wa kwanza juu ya mkuyu, umenyooka kwa kamba, wima kama ukuta wa nyumba, na nikausiliba kwa udongo pande zote mbili ili maji yasipate pa kupenya. Ulikuwa mzuri. Watu walisimama kuusifu. Mvua za vuli, ambazo kwetu ni ndogo, zikaja alasiri moja, maji yakajaa nyuma ya ukuta wangu, yakapumzika kidogo, kisha yakausukuma wote kwa pamoja ukalala kifudifudi.

Bibi alitoka kutazama akiwa na gunia kichwani. Akasema nimejenga bwawa. Hakusema kwa hasira. Akarudi ndani kusaga.

Siku kadhaa sikufanya lolote. Nilikaa nikiwaza kwamba labda alipaswa kuhama kweli, na kwamba mimi sikuwa fundi wa kitu chochote. Kilichonitoa hapo ni mkuyu. Trekta haikuweza kufika kwenye mizizi yake, na ule mstari wa mwisho ulipopita chini ya mizizi tuliuacha, urefu wa mtu akilala. Ulikuwa umenyeshewa na masika yote na maji ya korongo yaliupiga ubavuni, na haukuwa umesogea. Nikachukua mkaa, nikaandika namba kwenye kila jiwe, moja, mbili, tatu, nikaanza kuubomoa taratibu kutoka juu, nikichora kwenye daftari kila jiwe lilivyolala. Nilipofika arobaini na tatu nilikuwa nimeelewa kwamba sikuwahi kuutazama.

Haukuwa umesimama wima. Uliegemea mlima, kama mtu anayesukuma mlango. Mawe marefu hayakulazwa kwa urefu wa ukuta nilivyofanya mimi. Yalichomekwa mkia ndani ya mlima na uso mdogo nje, kwa hiyo kilichoonekana ni kipande tu cha jiwe. Nyuma yake palijazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, nyuma ya hayo vigae na changarawe, ndipo udongo. Hapakuwa na tope la kushikilia. Maji yaliruhusiwa kupita, ila yapite polepole na kuacha udongo nyuma. Na jiwe la chini kabisa lilikaa ndani ya mtaro uliochimbwa kabla. Hata mstari wenyewe, kwa alama za mtaro zilizobaki, haukunyooka kwa kamba. Ulifuata tumbo la mlima, na mwishoni ulishuka kidogo upande wa majani, ili maji yanayozidi yatoke pembeni.

Jiwe namba ishirini na tisa lilikuwa limewekwa vibaya. Lilikuwa refu, na aliyeliweka alililaza kwa urefu wa ukuta, kosa langu lilelile. Labda alikuwa mgeni wa kazi, labda jua lilikuwa limezama na watu wanamwita akale. Aliyemfuata hakulitoa. Alilibana kwa vijiwe vyembamba kila upande, kama saba, akaendelea kupanga juu yake, na lilikaa hivyo miaka ambayo hakuna anayejua kuihesabu. Nilikaa na lile jiwe muda mrefu. Nimekwisha sema kwamba hatujui watu wale walikuwa nani wala walizungumza lugha gani, na mimi si mtu wa kudai ninajua. Ila nilijua sasa kwamba palikuwa na mmoja aliyekosea, na mwenzake aliyeona. Na kwamba nao walikuwa na mtu wa chini yao, vinginevyo kwa nini mtu wa juu ajisumbue na mtaro.

Baadaye, miaka ya themanini, nilipata nafasi kwenye lori lililokwenda Engaruka, nikashuka kutazama yale mashamba aliyoyataja mwalimu. Yapo. Mlima mzima una mistari, na viwanja vya nyumba vimepangwa juu yake. Watu walipita wakaniona nimepiga magoti nikichungulia nyuma ya jiwe, na sina shaka walinicheka. Nilikuwa natafuta mkia wake. Ulikuwa umeingia ndani ya mlima.

Kurudi kwenye kazi yangu. Niliurudisha ule mstari wa mkuyu kwa namba zake, na ishirini na tisa nililirudisha vilevile na vijiwe vyake saba. Kisha nikaanza kuuendeleza kwa mfano wake. Ilikwenda polepole mno. Siku nyingine nilipanga hatua mbili tu, siku nyingine nilibomoa za jana. Mwenyekiti akaja Jumamosi na watu sita, akasema hawakuja kama kijiji, wamekuja kama mitaimbo. Mfugaji alipita na ng'ombe kuelekea mabua ya wengine, akanikuta nimechafuka mpaka nywele.

“Ero, juzi unabomoa, leo unajenga. Wewe ni mchwa?”

Nikamwambia ndiyo, ni mchwa. Akacheka sana, na ng'ombe wake akawazungusha kwa pembeni, kwenye majani, bila kuombwa. Kiangazi chote aliwapitisha huko.

Masika yalipokaribia nilikuwa na mistari mitatu tu, kati ya ile kumi na mmoja. Wa tatu sikuumaliza upande wa mashariki. Matuta niliyapiga upya kwa jembe la mkono, kwa upana, kufuata mawe. Bibi alikuwa anapita kila siku kuchota maji na hakuwa anauliza kitu, lakini siku moja nilimwona ameshafunga vyungu vyake viwili kwa kamba na kuviweka mlangoni. Havikuwa vya kuuza. Mke wangu aliniambia nisivitazame.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja adhuhuri. Nilikwenda kusimama chini ya mkuyu, na Bibi alikuwa ameshafika, gunia kichwani, miguu peku. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Maji yalishuka mekundu, yakafika mstari wa kwanza, yakasimama. Nilihesabu, na nilipofika sitini nilidhani utaanguka. Halafu yakaanza kutokea mbele kwenye nafasi za mawe, nyuzi nyembamba nyingi, yakakusanyika tena yakaenda kwenye wa pili. Pale mashariki ambapo sikupamaliza, ukuta ulifunguka, mawe kama kumi yakaondoka na maji yakapata njia, nikakimbia huko na mke wangu na jembe na hatukuweza kitu. Lakini njia hiyo ilitoka pembeni, kwenye majani, mahali ambapo mstari ulishuka. Niliporudi nikiwa natweta, mstari wa mkuyu ulikuwa unavuja kote kama chujio la chai, na upande wa chini yake palikuwa na maji ya kulowesha nyayo, basi. Korongo lilipokea kidogo, likanyamaza.

Bibi aliinama akagusa yale maji, akatazama vidole vyake kama vina udongo. Vilikuwa na udongo kidogo. Hakunisifu, na haki yake, maana nusu ya shamba lake ilikuwa bado chini ya kokoto na haikurudi kamwe; alilima iliyobaki mpaka mwisho wa maisha yake, na ule mdomo wa korongo tuliujaza mawe taratibu kwa miaka mitano. Siku ile alisema tu kwamba nikitoka hapo nimsaidie kuvirudisha vyungu ndani, vitajaa maji ya mvua bure.

Nikavirudisha. Kimoja nilikiegemeza kwenye jiwe la kusagia, na akaniambia nisikiweke hapo, kesho asubuhi anasaga.

Kisha akaniuliza kama nimelibeba lile daftari langu. Nikasema lipo, limelowa. Akaniambia niandike. Nikamuuliza niandike nini.

“Kwamba sihami.”

Niliandika palepale mlangoni, nimeliweka daftari gotini, wino ukisambaa kwenye karatasi iliyolowa. Nilianza na neno imekubaliwa, kwa mazoea. Nikalikata. Chini yake niliandika: Bibi wa Chini amesema hahami. Mstari wa mashariki nimeukosea mimi, nitaurudia Jumatatu.